Bi Horiuchi Tamae na Miaka Arobaini na Moja ya Maji ya Rangi ya Chai

Tarehe 31 Machi mwaka huu, saa kumi na moja na robo jioni, Bi Horiuchi Tamae atazima taa ya chumba cha mashine hapa Kituo cha Maji cha Moribetsu, na atakuwa ametimiza miaka arobaini na moja kamili ya utumishi. Alianza kazi tarehe 1 Aprili 1984, akiwa na miaka kumi na tisa na viatu vya mpira vya manjano vilivyomzidi namba mbili. Viatu vimebadilishwa mara kumi na moja. Rangi yake haijabadilishwa.

Kwa desturi yetu, wasifu wa mstaafu katika jarida la kituo huandikwa na mkuu wa kituo. Safari hii niliomba kuandika mimi, Nishikubo, mwendesha mashua na muosha chupa, na mkuu akakubali upesi kwa sababu hapendi kuandika. Nina sababu yangu, nayo mtaikuta humuhumu. Bi Horiuchi mwenyewe ameniagiza niandike mafupi. Nimemwitikia vizuri sana.

Tuanze na kazi. Maisha yake yote ya kazi Bi Horiuchi amefuata rangi moja, kahawia. Mto wetu unapita kwenye kinamasi kabla ya kufika ghubani, na humo majani na mizizi iliyolala tangu enzi za mababu inalowa polepole, kama majani ya chai ndani ya birika. Rangi inayotoka huko imeyeyuka majini, na hata uchuje kwa chujio la namna gani haitoki. Mtu asiyejua akiyaona maji yale kwenye mlango wa mto, pale yanapokutana na chumvi, atasema ni machafu. Bi Horiuchi amekuwa akimjibu mtu huyo kwa upole tangu mwaka 1984, na mtu huyo hajaisha.

Kazi yenyewe ni hii. Kila Jumatatu maji yakianza kupwa, tunatoka na mashua na kusimama vituo kumi, kuanzia nje ya ghuba hadi darajani. Kila kituo Bi Horiuchi anajaza chupa moja, anapima chumvi, na anashusha sahani nyeupe kwa kamba mpaka isionekane, ili ajue mwanga unafika kina gani. Tukirudi, maji yanachujwa, yanawekwa kwenye friji, kisha mashine inapima mwanga kiasi gani umemezwa na ile rangi. Mwisho anachora kwenye karatasi, chumvi upande huu, rangi upande ule. Kama rangi yote inatoka mtoni, nukta kumi zinajipanga kwenye mstari mmoja ulionyooka. Nukta ikitoka nje ya mstari, kuna jambo, na Bi Horiuchi hali chakula mpaka alijue.

Sahani nyeupe amepoteza tatu katika miaka arobaini na moja. Ya tatu haikuwa ya kituo. Ile ya kituo ilikuwa imepasuka, Jumatatu imefika, akachukua sahani ya nyumbani iliyotoka kwenye seti ya zawadi za harusi yake na kuifungia kamba. Imelala kituo cha sita hadi leo. Mumewe alipouliza seti ya sahani tano imekuwaje nne, aliambiwa moja inafanya kazi serikalini.

Halafu kuna sheria ya mara tatu. Chupa lazima isuuzwe mara tatu kwa maji yaleyale inayokwenda kubeba. Sheria nzuri, hatuna ugomvi nayo. Lakini mama huyu ameizoea hivi kwamba ukimkaribisha nyumbani kwako ukampa kikombe, atamimina chai kidogo, atazungusha, atamwaga, mara tatu, ndipo anywe. Mke wangu mara ya kwanza alinifuata jikoni akaninong'oneza, "Kwani kikombe kilikuwa kichafu?" Nikamwambia, huyo ndiye amekuheshimu.

Mafanikio yake ni mengi, na mengine yanajulikana kuliko jina lake. Miaka kadhaa iliyopita wataalamu wa chuo walikuja na picha za satelaiti zikionyesha ghuba yetu imejaa mwani wa hatari. Walikuja na uso wa msiba. Bi Horiuchi aliwawekea mezani chupa kumi na madaftari ya miaka thelathini, akawaonyesha kwamba satelaiti imeona rangi ya kinamasi ikadhani ni mwani. Mmoja wao alisema, "Mama, satelaiti hii imegharimu kuliko mji huu mzima." Akamjibu, "Ndiyo maana inaangalia kutoka mbali. Mimi nimeangalia kutoka kwenye mashua." Leo wataalamu hao wanatumia madaftari yake kuirekebisha satelaiti yao, na kila mwaka wanamletea keki.

Sasa niingie kwenye mwaka 2006, maana bila mwaka huo wasifu huu ungekuwa orodha ya vyeti tu.

Mwaka huo halmashauri yetu ilikuwa inajadili kuchimba mfereji wa kuupitisha mto kando ya ghuba, utoke moja kwa moja baharini. Aliyeusimamia mpango alikuwa diwani, Bwana Akutsu. Hakuwa mtu mbaya. Alichoka tu kusikia wageni wakisema pwani yetu ina maji ya samadi. Alisema rangi ile inatoka kwenye mtaro wa mashamba ya ng'ombe wa maziwa, na dawa ya uchafu ni kuuondoa. Upande wa pili walikuwa wafuga chaza, familia thelathini na nne, wakiongozwa na Mzee Sasamori. Wao walijua tangu kwa babu zao kwamba chaza wa Moribetsu hunona mwaka ambao mto umekuja na rangi, kwa sababu ile rangi hubeba chuma, chuma hulisha mwani mdogo, na mwani mdogo hulisha chaza. Mto ukihamishwa, ghuba inabaki na maji meupe na chaza wembamba kama kucha. Familia thelathini na nne zingefunga virago.

Swali lote likawa moja. Rangi inatoka kinamasini au kwenye mtaro wa ng'ombe? Halmashauri ikamwambia Bi Horiuchi alete jibu, kura ipigwe Julai. Chupa iliyosubiriwa kuliko zote ilikuwa ya saba, inayochotwa pale kinamasi kinapomwagia mtoni.

Mimi wakati huo nilikuwa na miezi mitatu tu kazini. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, watoto wawili, na mkataba wa mwaka mmoja ambao ungeongezwa au usiongezwe. Kabla ya hapo kiwanda cha samaki nilichofanyia kazi kilikuwa kimefungwa. Nilikuwa naishika kazi hii kwa mikono miwili.

Sasa sikilizeni, maana jambo hili sijalisema popote. Wiki ile friji ya jikoni iliharibika. Nilikuwa nimepika chai ya shayiri ya kunywa baridi, nikaitia kwenye chupa ya kioo ya zamani ya maabara, zile zilizomeguka mdomo ambazo tuliachiwa tutumie jikoni. Nikaiweka kwenye friji ya sampuli, pembeni ya kreti. Kwa saa moja tu, nikasema. Chai yangu mimi ina sukari. Najua ninyi wote mnanicheka, hakuna mtu mzima Moribetsu anayetia sukari kwenye chai ya shayiri, lakini nimelelewa na bibi yangu na bibi alitia.

Friji ile haina taa. Bi Horiuchi aliing'oa balbu kwa sababu mwanga hula rangi ya maji. Na siku hizo namba hazikuandikwa kwenye chupa, ziliandikwa kwenye matundu ya kreti. Mchana mkuu wetu wa wakati ule, Mzee Tokuda, aliagiza chai. Nikapapasa gizani, nikashika chupa, nikammiminia yote. Akanywa bilauri mbili, akajifuta mdomo na kusema, "Leo umeipatia, Nishikubo. Haina sukari." Nikadhani kweli nimesahau sukari. Alasiri nikafungua friji kupanga vitu, mkono ukakuta tundu la saba liko wazi na chupa imesimama kando. Nikasema, masikini, Bi Horiuchi amesahau kuirudisha. Nikaichomeka tunduni vizuri, nikajiona mfanyakazi bora.

Mzee Tokuda, ambaye sasa ana miaka themanini na mitatu na husoma jarida hili kuanzia jalada hadi jalada: samahani sana mzee wangu, siku ile ulikunywa mto. Maji yenyewe yalikuwa yamechujwa.

Mashine ikapima chupa ya saba ikatoa rangi mara mbili ya kawaida. Mzee Tokuda akafurahi mno, akaipeleka namba halmashauri siku hiyohiyo kabla Bi Horiuchi hajachora mstari wake. Mji mzima ukasikia: rangi inatoka kinamasini, maji si ya samadi, mto hauhami. Wafuga chaza wakatuletea ndoo mbili za chaza. Mzee Sasamori alipita akinishika bega kana kwamba nimefanya jambo. Kura ilibaki siku tatu na kila mtu alijua itakwendaje.

Bi Horiuchi peke yake hakula wale chaza. Nukta ya saba ilikuwa imetoka nje ya mstari.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Bi Horiuchi alipanda jukwaani na viatu vyake vya manjano, akainama kwa heshima kama inavyopasa, akainuka na kusema, "Namba ya chupa ya saba iliyotolewa wiki hii si ya mto. Ni ya chai ya shayiri. Friji ni yangu, kreti ni yangu, kosa ni langu. Naiondoa namba hiyo."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Hapo ndipo yote yalinijia: tundu la saba, bilauri mbili, haina sukari. Nilipaswa kuinua mkono na kusema ni mimi. Sikuinua. Niliufikiria mkataba wangu na wanangu, nikatazama viatu vyangu.

Bwana Akutsu aliinuka taratibu, mtu aliyepewa zawadi asiyoitarajia. "Basi mama," akasema, "kama ya saba ni chai, hizo nyingine tisa ni nini? Supu?" Ukumbi mzima ulicheka, hata upande wetu. Bi Horiuchi alisubiri wamalize. Kisha akaomba mwezi mmoja apime upya, na akamwomba Bwana Akutsu aje mwenyewe kwenye mashua.

Nje ya ukumbi Mzee Sasamori alimfuata. Alikuwa na miaka sabini na maji yote ya ghuba ile yamepita mikononi mwake.

"We binti, ungenyamaza tu. Nani angejua?"

"Mimi ningejua, mzee. Na mwakani nikija kukwambia maji yako ni salama, ungeniamini kwa lipi?"

"Mwakani sitakuwa na maji ya kuambiwa."

Bi Horiuchi aliinama kwa heshima. Alikuwa analia, na nilikuwa sijawahi kumwona akilia.

Jumatatu tatu zilizofuata zilikuwa za kuchekesha na kutisha kwa pamoja. Nilibeba mashuani watu wawili ambao hawakuwa wamesalimiana tangu majira ya kuchipua, Bwana Akutsu mbele na Mzee Sasamori nyuma, na Bi Horiuchi katikati na chupa zake. Kila chupa ilipojazwa ilizibwa, ikazungushiwa karatasi juu ya kizibo, na wote wawili wakagonga mihuri yao ya majina, wino mwekundu, kama wanaouziana nyumba. Wakati mwingine mashua iliyumba na muhuri ukagongwa kidoleni. Kituo cha sita Bwana Akutsu alitapika. Mzee Sasamori alimpa kitambaa bila kumtazama, na hayo ndiyo yalikuwa maongezi yao ya kwanza.

Jumatatu ya pili Bwana Akutsu aliinua chupa ya saba kwenye jua, akainusa kabla haijazibwa. "Inanukia msitu," akasema. "Hainuki ng'ombe."

"Usiniambie mimi," alisema Bi Horiuchi, "iambie mashine."

Mashine ikaambiwa. Nukta zilijipanga. Sehemu kubwa ya rangi ilitoka kinamasini, kama wafuga chaza walivyosema. Lakini Bi Horiuchi hakuishia hapo. Alisoma pia lile lisilowapendeza. Mtaro wa ng'ombe nao ulikuwa unaingiza chake, kidogo lakini kweli, na chini ya taa maalumu maji yake yaling'aa tofauti na ya kinamasi. Bwana Akutsu hakuwa ameota. Mzee Sasamori aliposikia hayo alikunja uso, kisha akasema kwa sauti kila mtu asikie kwamba aliyekiri kuwa namba ya chai ni chai, aaminiwe pia kuhusu namba ya ng'ombe. Halmashauri ikapiga kura, saba kwa tano. Mfereji haukuchimbwa. Mtaro ukapandwa matete ya kuchuja samadi na ng'ombe wakawekewa uzio. Wa kwanza kushika jembe siku ya kupanda matete alikuwa Bwana Akutsu, na tangu hapo kila Jumatatu ya kwanza ya Juni huja gatini na muhuri wake mfukoni. Hakuna anayemtaka agonge tena. Anagonga.

Tangu mwaka ule namba huandikwa kwenye chupa yenyewe, na friji ya sampuli ina kufuli.

Desemba ya mwaka huohuo Bi Horiuchi alinipa zawadi ya mwisho wa mwaka, chupa nyekundu ya chuma ya kutunzia chai. "Weka chai yako humu," alisema, "ili ijulikane ni ya nani." Nilishukuru. Niliona ni mama mkarimu. Machi mkataba wangu uliongezwa, na kwenye fomu, pale palipoandikwa maoni ya msimamizi, alikuwa ameandika: anaweka vitu mahali pake.

Mimi, jinga kabisa, nilifurahi.

Wiki tatu zilizopita aliniomba nimsaidie kubeba madaftari yake kwenda stoo. Yako arobaini na moja, moja kwa kila mwaka. La 2006 lilikuwa juu. Sikuweza kujizuia, nikalifungua Julai. Kwenye mstari wa chupa ya saba ameandika kwa penseli, herufi zake ndogo zilezile:

"Si maji ya mto. Inanukia shayiri. Nimeonja, nisamehewe. Ina sukari vijiko viwili. Asitajwe mtu."

Kubwa ni kwamba alionja. Aliyebandika ukutani lile tangazo la "Usitie sampuli mdomoni" ni yeye. Na Moribetsu nzima ni mtu mmoja tu anayetia sukari. Alijua kabla ya kupanda jukwaani. Alijua nilipokuwa mlangoni nikitazama viatu vyangu. Amejua kila Jumatatu kwa karibu miaka kumi na tisa, ananipa chupa moja baada ya nyingine, hajanitupia hata fumbo.

Nilikwenda na daftari mkononi. Nilimkuta anasuuza kikombe chake, mara ya pili.

"Bi Horiuchi, ulijua."

Alisuuza mara ya tatu, akakifunika. "Vijiko viwili ni vingi, Nishikubo," akasema. "Kwa umri wako sasa, tia kimoja."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Namba isingerudi kuwa ya mto kwa kukutaja wewe. Na kreti ilikuwa yangu kweli." Akaenda kuvaa koti. Kwake shauri lilikuwa limekwisha tangu 2006.

Kwangu halikuwa limekwisha, ndiyo maana niliomba kuandika. Watoto wangu wawili wamesomeshwa na mashua hii. Mmoja leo ni nesi, mwingine anafuga chaza pamoja na mjukuu wa Mzee Sasamori, katika ghuba ambayo leo isingekuwa na chaza wa kufuga. Nimeyapata hayo yote kwa sababu mama huyu alisema palipohitaji kusema, na akanyamaza palipohitaji kunyamaza, na mimi nilifanya kinyume. Basi leo nasema mbele ya kituo kizima na mbele ya mji: Bi Horiuchi, aliyeichomeka ile chupa ni mimi. Nisamehe, na asante.

Mkutano wa kumuaga ni tarehe 31, saa nane mchana, ukumbi ule ule wa halmashauri. Mtoto wangu ataleta chaza, na safari hii tutahakikisha mama anakula. Mezani mtaiona chupa nyekundu ya chuma. Nimezungushia karatasi kwenye kizibo chake na kugonga muhuri wangu wa jina, wino mwekundu, kwa mara ya kwanza. Ni chai. Ina kijiko kimoja. Nimeonja.

Nenda salama, mama yetu. Afya iwe njema, siku zako ziwe ndefu, na Jumatatu yoyote utakayotamani, viatu vya manjano vipo nyuma ya mlango na mashua ina nafasi yako katikati.